Jani Lililokunjwa Mara Nne

Jumatatu ile jani lilirudi limekunjwa mara nne. Theopista alilitoa kwenye mfuko wa mumewe Anatory kama alivyolitoa kila jioni, ampelekee mbuzi bandani, na kamba yake aitundike kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Siku zote jani la Anatory lilirudi limefinyangwa kama karatasi ya mtu aliyekosea barua. Hili lilikuwa limelala sawasawa, pembe juu ya pembe, kama kanga iliyotoka sandukuni. Kamba ya mgomba ilikuwa imezungushwa mara mbili, ikamalizikia kwenye fundo lenye kitanzi.

Akavuta kitanzi. Fundo likafunguka lenyewe. Akalifunga tena, akavuta tena.

"Mae, hebu njoo uone," alimwita mama mkwe wake.

Mama Klaudia alikuwa anamenya ndizi za usiku. Alifuta utomvu wa mikono kwenye jani kavu, akaja, akalitazama lile fundo huku na huku kama mtu anayechagua kuku.

"Aliyefunga hili ana mikono mizuri."

"Ni mwanao."

"Mwanangu nimemzaa mwenyewe, namjua. Hajawahi kukunja hata shati la Pasaka."

Katika nyumba ile ya Buhembe, kitu kilichotoka kwenye kibanja, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, lazima kirudi kwenye kibanja. Ndiyo sheria ya Mama Klaudia, naye aliirithi kwa mama mkwe wake. Alisema kibanja kinakula kama mtu. Ukipeleka majani yake mjini ukayaacha huko, utakuwa unaulisha mji, na siku moja migomba itakuuliza. Basi tangu Anatory apate kazi ya kushona magunia kwenye ghala la kahawa, chakula chake cha mchana kiliondoka kimefungwa kwa jani, na jioni jani lilirudi. Jani likawa la mbuzi, samadi ya mbuzi ikawa ya mgomba, na mgomba ukatoa jani jingine. Kamba moja iliweza kudumu tangu Kwaresima hadi msimu wa senene. Hapakuwa na kitu cha kutupa.

Anatory alikuwa nje ananawa miguu. Theopista akamwendea na jani mkononi.

"Baba Jovita, nani kakufungia jani?"

"Nimelifunga mwenyewe."

"Hebu nifungie tena nione."

"Mwanamke, nimeshona magunia tangu asubuhi. Sasa unataka nishone na majani?"

Akaingia ndani. Mama Klaudia, ambaye alikuwa ametega sikio mlangoni, akarudi kwenye ndizi zake, mabega yanacheka.

Theopista hakuwa mwanamke wa wivu. Alikuwa mtu wa kutaka kujua, na hayo ni magonjwa mawili tofauti. Alipokuwa darasa la tatu kwa masista aliwahi kuchapwa kwa kufungua saa ya ukutani ili aone kinachogonga ni nini. Alichapwa, lakini alikiona.

*

Jumanne jani lilirudi vilevile. Jumatano vilevile. Alhamisi lilikuwa na punje moja ya wali imegandia pembeni, na harufu ya iliki. Katika nyumba yao wali ulikuwa wa Krismasi, na iliki walikuwa wakiisikia tu kwa watu wa pwani walioko mjini.

"Muulize," alisema Mama Klaudia.

"Nilikwisha muuliza."

"Basi usimuulize tena. Mwanamume ukimuuliza jambo mara ya pili, anakuwa ameshatunga."

Theopista hakuuliza. Kila alfajiri aliingia kibanjani na kisu, akachagua jani changa lisilopasuliwa na upepo. Akalikata, akaukwangua uti wake wa katikati mpaka jani likawa jepesi kama kitambaa, kisha akalibabua juu ya moto, huku na huku, mpaka lilegee na kung'aa. Jani lenye uti halikunjiki. Litavunjika na kumwaga maharage njiani. Hata mtoto wa Buhembe analijua hilo. Akaweka ebitoke, zile ndizi za kupikwa, na maharage katikati, akakunja, akafunga kwa fundo lake la siku zote, linalokwenda kushoto.

Aliendelea hivyo kwa wiki mbili, na kila jioni fundo la kitanzi likaja kumsalimu. Alianza hata kulizoea. Siku moja lilipokuja limelegea kidogo alijikuta anajiuliza kama aliyelifunga anaumwa.

Jumatatu ya tatu alijifunga kanga mbili, akachukua kikapu, akasema anakwenda mjini kutafuta chumvi.

"Chumvi ipo," alisema Mama Klaudia.

"Nakwenda kutafuta nyingine."

"Haya. Ukiipata, uje uniambie na mimi."

Alimwacha Anatory atangulie. Hakujificha, watu wa asubuhi katika njia ile walikuwa wengi, na mwanamume aliyebeba mawazo hatazami nyuma. Walivuka daraja la Kanoni, yeye huku, mumewe kule mbele, wakaingia Miembeni. Kwenye duka moja redio ilikuwa inaimba Mtu ni Afya, maana ndio mwaka wa kampeni ile, na watu walikuwa wanachimba vyoo na kufyeka nyasi mkoa mzima wa Ziwa Magharibi. Anatory akapinda kwenye kichochoro, akapiga hodi kwenye nyumba ya udongo yenye paa la madebe. Hakukaa. Alipotoka hakuwa na kile kifurushi cha jani. Mkononi alikuwa ameshika bakuli tatu za bati zilizopandana, zimebanwa na mkono mmoja wa kubebea.

Theopista alisubiri mpaka amepotea kwenye kona ya ghala. Kisha akaenda kwenye mlango uleule.

*

"Hodi hapa."

"Karibu. Sukuma, mlango hauna komeo."

Ndani ya ua alikuwapo mama mzee mwembamba, amekaa kwenye mkeka, ungo wa maharage mapajani. Pembeni yake lilikuwapo jani, limeshaoshwa, linachuruzika maji.

"Nilikuwa najiuliza utakuja lini," alisema yule mama. "Siku kumi na tatu leo. Mimi ningekuja siku ya pili."

Maneno aliyoyatayarisha njia nzima Theopista akayaweka kando. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Ukisimama hivyo utanifanya nijione mwizi. Mimi Zabibu, mjane wa Muharami aliyekuwa anachochea moto kwenye meli. Wewe ni mke wa Anatory. Fundo lako nalijua, unafunga kwa kushoto."

"Na mimi lako nalijua."

Wakatazamana. Bi Zabibu ndiye aliyeanza kucheka, na Theopista akafuata, kidogo tu, kwa tahadhari.

"Mume wangu anafuata nini hapa, Bi Zabibu?"

"Bakuli."

"Bakuli tu?"

"Mwanangu, nina miaka sitini na tatu na meno manne. Ni bakuli tu."

"Bakuli la nini, na chakula nimemfungia?"

Bi Zabibu alirusha maharage kwenye ungo, akapuliza vumbi. "Hapo unaniuliza siri. Na siri aliiweka yeye hapa, sikuiokota njiani. Siwezi kuimwaga."

Theopista hakubisha. Aliuvuta ungo upande wake, akaanza kuchagua mawe na maharage yaliyotobolewa na wadudu. Hakuharakisha. Jogoo wa jirani akapita, akatazama ndani, akaondoka. Walipofika nusu ya ungo Bi Zabibu akakohoa.

"Kama ningekuwa mtu wa kusema," alisema, "ningesema hivi. Pale ghalani wameletewa meneja mpya, kijana, anaitwa Protase. Anapenda usafi, na usafi si mbaya. Jumamosi moja wakafungua gunia kabla ya kulipeleka melini. Akawapo mkaguzi. Akatia mkono kwenye kahawa ile nzuri ya kwenda Ulaya, akatoka na kipande cha jani la mgomba."

"Gunia alilishona nani?"

"Mumeo. Sasa wenzake, huyu anakula kwenye bakuli, yule anarudi kwao hapa hapa Miembeni, wengine wananunua maandazi. Anayekuja na jani ni mmoja. Meneja akauliza mbele ya watu, 'Nani hapa anakula kwenye majani kama mbuzi?' Watu wakacheka. Anatory aliniambia hata yeye alicheka, maana hakujua afanye nini na uso wake."

Theopista aliliacha harage vidoleni.

"Kapewa barua ya onyo," aliendelea Bi Zabibu. "Jani likionekana tena mkononi mwake, kazi basi. Bakuli lenye kifuniko madukani halipo. Akapita hapa ananiuliza kama najua linakopatikana, na mimi nikazitazama hizi za marehemu, zimekaa ukutani miaka minne hazijaona chakula. Basi asubuhi namhamishia, jioni anarudisha, na mimi nampa jani lake. Nilitaka kulitupa siku ya kwanza. Nusura alie. Akasema mama yake ataliuliza."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Akuambie nini? Kwamba chakula chako kimeitwa cha mbuzi? Alisema unaamka kabla ya jogoo kulibabua. Alisema mdomo haukufunguka."

Theopista hakulia, wala hakukasirika mara moja. Hasira ilikuwa inakuja kwa miguu, kutoka mbali. Lililofika kwanza lilikuwa swali.

"Hilo jani la guniani. Alikwambia lilikuwaje?"

"Jani ni jani, mwanangu."

"Hapana, Bi Zabibu. Kuna jani na jani. Kumbuka."

Bi Zabibu alifumba jicho moja. "Kama kiganja. Kavu. Lina mti katikati, ndio uliomchoma mkaguzi kidole, ndipo akalitoa. Ndivyo alivyosema."

"Lina mti katikati."

"Ndiyo."

Theopista alisimama, akakung'uta kanga. Kisha akainama, akachukua lile jani lililokuwa linachuruzika, akalikunja, akalitia kwenye kikapu.

"Naliazima," alisema.

"Ni lako," alijibu Bi Zabibu. "Unakwenda wapi nalo? Mwanangu, usiende huko. Utamharibia kabisa."

Lakini alikuwa amekwisha fika kichochoroni.

*

Mlinzi wa getini alikuwa Zahoro, mtu wa Miembeni, mwenye fimbo na kofia ya kufuma.

"Mama, huku wanawake hawaingii saa za kazi."

Theopista alitazama ndani. Wanawake thelathini walikuwa wamekaa sakafuni wanachambua kahawa. "Na wale?"

"Wale wana kadi."

"Mimi nina jani."

Zahoro alitazama kikapuni, akatazama juu, akatazama kikapuni tena. Kisa cha jani pale ghalani kilijulikana na kila mtu. "Pita," alisema polepole, "lakini mimi sikukuona. Nilikuwa nafunga kiatu."

Meneja Protase alikuwa na ofisi ndogo yenye kioo, ambayo kutoka ndani yake ghala zima lilionekana. Theopista alimsalimu kwa Kihaya, kwa heshima, akamwita waitu. Alimjibu kwa Kiswahili, na hakumkaribisha kiti. Huko nje, kati ya milima ya magunia, Anatory alikuwa amemwona mkewe. Alisimama na shazia mkononi, ile sindano kubwa ya magunia, na uzi ukining'inia.

"Una shida gani, mama?"

"Sina shida, waitu. Nimekuja kuangalia. Nasikia mna jani lililotoka kwenye gunia la mume wangu."

"Wewe ni mke wa Anatory? Lile jambo limekwisha. Alionywa, amejirekebisha, siku hizi anakuja na bakuli safi. Mwambie aendelee hivyo hivyo."

"Nitamwambia. Lakini naomba nilione tu. Kama lilitoka jikoni kwangu, kosa ni langu, siyo lake. Mimi ndiye ninayefunga."

Protase alisita. Alikuwa amejiweka tayari kwa mwanamke wa kulia, au wa kugomba. Huyu aliomba kuangalia tu. Alifungua droo, akatoa faili, na ndani ya faili bahasha, na ndani ya bahasha kile kipande, kimekauka, rangi ya tumbaku. Kilikuwa kimeandikwa tarehe.

Theopista hakukigusa kwanza. Alikizunguka kwa macho kama alivyoizunguka ile saa ya masista. Kisha akatoa jani lake kikapuni, akalitandaza juu ya meza, kando yake. Maji yakaanza kwenda kwenye karatasi za meneja.

"Mama, unalowesha."

"Samahani, waitu. Shika hili langu. Kunja."

"Nikunje?"

"Kunja tu."

Protase alikunja. Jani likatii kama kitambaa.

"Sasa kunja lile."

Aligusa kile kipande kikavu, kikapasuka kando ya uti. Akauacha mkono hewani.

"La chakula halina uti," alisema Theopista. "Hukwanguliwa, halafu likababuliwa motoni. Nusa, moshi hautoki hata ukiliosha. Hilo lako halijaona moto tangu lizaliwe, na uti wake uko pale pale. Mtu akifungia maharage kwa hilo, yatamwagikia miguuni."

"Jani ni jani, mama."

"Ndivyo wengi wanavyodhani. Waitu, samahani nikuulize. Kwenu ni wapi?"

"Kamachumu."

"Basi unajua kuliko mimi. Mzee wako, akipeleka kahawa kwenye chama cha ushirika kwa baiskeli, mdomo wa gunia anauzibaje isimwagike kwenye makorongo?"

Protase alitazama kile kipande. Aliondoka kwao akiwa na miaka tisa kwenda bweni, na tangu bweni alikwenda chuo, na tangu chuo akaja kukaa kwenye kioo hiki. Lakini alimwona baba yake, waziwazi, ameegesha baiskeli kwenye mti wa kahawa. Alimwona ananyoosha mkono bila hata kuangalia juu, ananyofoa kipande cha jani, anakisokomeza.

"Anaziba kwa jani," alisema.

"Anakwangua uti?"

"Nani atakwangua uti wa jani la gunia." Alisema hilo kwa Kihaya.

Alitoka ofisini, Theopista nyuma yake. Watu wote wakaacha kufanya kazi huku wakijifanya wanafanya. Gari la juzi kutoka barabara ya Muleba lilikuwa limeshusha mzigo ambao haujafunguliwa. Protase akaamuru magunia matano yafunguliwe pale pale. La kwanza, hakuna. La pili, hakuna. Mtu mmoja akacheka puani, na Anatory akainamisha kichwa. La tatu, chini kidogo ya mdomo, lilikuwapo jani, bado lina ukijani, na uti wake kama mfupa wa samaki. La nne hakuna. La tano yalikuwamo mawili.

Hakuna aliyecheka. Protase alisimama na yale majani matatu mkononi, hajui ayaweke wapi kwenye nguo zake safi.

"Barua ilikwisha kwenda juu," alimwambia Theopista kwa sauti ndogo.

"Na hii iende iifuate, waitu. Njia ni ile ile."

Alirudi mezani, akatoa nakala ya onyo kwenye faili, akafikiri. Karatasi ya ofisi haichanwi. Mwishowe aliandika juu yake, kwa kalamu nyekundu, kwamba jani lilitoka na kahawa shambani na kwamba mshonaji Anatory hakuhusika, akatia sahihi na tarehe. Kisha akasimama mlangoni akawatangazia wote. Magunia yote yatatazamwa midomo kabla ya kushonwa. Ndani ya ghala hakuna kula chochote, kwa bati wala kwa jani. Nje, barazani, mtu ale anavyopenda, mradi takataka aondoke nazo mwenyewe.

"Hiyo ya mwisho," alisema Theopista, "kwetu ndiyo desturi."

Neno mbuzi halikutajwa, wala kuombewa radhi. Theopista alipokuwa anatoka, Protase alimfungulia mlango mwenyewe, na hilo ndilo lililokuwa pole yake.

*

Jioni ile Anatory alikaa kwenye kigoda mlangoni bila kunawa miguu. Theopista alimletea maji, naye hakuyagusa. Mama Klaudia alikuwa ndani, kimya kabisa, na kimya cha mama yule kilikuwa na masikio.

"Ungeniuliza mimi," alisema Anatory.

"Nilikuuliza."

"Ungeniuliza tena."

Theopista alisogeza beseni karibu na miguu yake.

"Unajua leo wananiita nani? Mume wa Theopista. Zahoro getini, wachambuaji, hata yule mpika chai. 'Mume wa Theopista, habari za jioni.'"

"Na jana walikuwa wanakuitaje?"

Anatory aligeuza uso.

"Mbuzi," alisema.

"Basi umepanda cheo," sauti ya Mama Klaudia ikatoka gizani.

Anatory alijitahidi kubaki na hasira yake, lakini ilikuwa imeshatobolewa. Mdomo ukaanza kumcheza upande mmoja. Akaweka miguu kwenye beseni. Theopista akaingia ndani kabla hajamwona akicheka, maana mwanamume naye anahitaji mlango wa kutokea.

*

Siku mbili baadaye Theopista alipita tena Miembeni, na mkungu mdogo wa ndizi kichwani. Bakuli za bati zilikuwa zimesuguliwa kwa mchanga mpaka zinang'aa, zimerudi ukutani kwenye msumari wao.

"Nimesikia," alisema Bi Zabibu. "Zahoro alikuja kunieleza, na aliongeza chumvi ya kutosha. Anasema ulimkunjisha meneja majani kama mtoto wa shule."

"Alikunja mwenyewe."

"Vizuri. Mwanamume akikunja mwenyewe haumii." Akapokea mkungu, akaupima kwa mikono, akauweka chini taratibu sana. "Hizi za nini sasa? Bakuli halikuniuma kulitoa."

"Za asante. Na nataka kujua jambo moja. Kulikuwa na punje ya wali kwenye jani."

"Siku ile nilikuwa nimeletewa na jirani, walikuwa na hitima. Nikamwekea mumeo kidogo. Naye aliniachia na mimi changu, kila siku."

"Kiasi gani?"

Bi Zabibu alianza kufuta bakuli ambazo hazikuwa na kitu cha kufutwa. "Nusu."

"Nusu ya chakula chote?"

"Nilimkatalia, hakusikia. Mtu akiniona nachagua maharage, atadhani ninapika. Haya maharage ni ya mama wa duka, ananipa kazi ya kuchagua. Ndizi hapa mjini si za kuokota, mwanangu."

"Na yeye alishiba na hiyo nusu?"

"Hakushiba. Mtu anashona magunia kutwa, atashibaje? Nilimwambia, mwambie mkeo azidishe. Akasema, nikimwambia azidishe, ataniuliza."

Theopista alitazama lile jiko la Bi Zabibu. Mafiga yalikuwa safi, hayana jivu la leo wala la jana. Alikuwa amekaa pale saa nzima ile Jumatatu, akachagua maharage, akauliza maswali yote aliyokuwa nayo, na hilo hakuliona. Alichosema ni kwamba jua limepanda, na mbuzi hajakatiwa majani.

Alfajiri iliyofuata aliingia kibanjani na kisu, akachukua majani mawili badala ya moja. Alimenya ndizi nyingi kuliko za jana, na maharage alichota mpaka Mama Klaudia akainua macho kutoka motoni. Akafunga vifurushi viwili, akavitia kwenye mfuko wa Anatory, akamshikisha.

Anatory alipima uzito kwa mkono, akamtazama.

"Mbona leo kizito?"

"Njia ya Miembeni ndefu," alisema Theopista, akageuka kwenda kufagia, wala hakuuliza neno.